Kamera Mbili na Uso wa Zaituni

Hapo zamani, si ile zamani ya mababu bali zamani ya juzijuzi, simu zilipokwisha kujaa mikononi mwa watu, aliishi Kilwa Kivinje mama mmoja mshona kofia, jina lake Bi Somoe. Na habari ya kamera mbili, aliyemletea kwanza alikuwa Pili, mtoto wa dada yake, muuza maandazi. Pili hakuwa na kifua cha kuweka habari. Aliingia uani beseni la maandazi likiwa bado kichwani.

"Mama mdogo, mjomba Shamte ameshuka kwenye basi. Ana makasha mawili, kayakumbatia kama mtu aliyebeba mapacha."

"Makasha ya nini?"

"Kamera. Kubwa na ndogo. Zote za harusi, lakini itakayobaki ni moja, na wewe ndiye utakayechagua. Mimi sijakwambia."

"Umeshaniambia."

"Basi akija jifanye hujui."

Bi Somoe aliweka chini kofia aliyokuwa akiidarizi. Moyo ulimruka, kwa sababu kesho yake Zaituni, mwanawe wa pekee, alikuwa anaolewa Masoko, na yeye mama mtu asingekuwepo.

Ndiyo desturi ya kwao. Mama mzazi hamsindikizi mwanawe kwa mume. Watakwenda shangazi, watakwenda mama wadogo, atakwenda somo wake, kungwi aliyemfunda, watakwenda majirani na watoto wa majirani. Mama mzazi atabaki nyumbani na vyombo vichafu, na mguu wake hautakanyaga kwa mkwewe mpaka fungate iishe.

Hilo Bi Somoe alilijua tangu alipokuwa mwali mwenyewe, wala halikumsumbua. Kilichomnyima raha ni kitu kingine. Sefu Jongo alipoleta posa, Zaituni aliulizwa, naye akainamisha kichwa, kimya. Wazee wakasema huyu amekubali, wakala tambuu zao, wakaondoka. Bi Somoe naye akasema amekubali. Lakini tangu siku ile, kila alipochoma sindano kwenye kofia alijiuliza: mwanangu alinyamaza kwa haya, au alinyamaza kwa huzuni? Na kumwuliza asingeweza. Mambo hayo binti haongei na mamaye, anaongea na somo wake, na somo hatoi nje alichoambiwa hata umchemshie chai ya maziwa.

Basi angeutazama uso wake? Uso wenyewe ulikuwa mgumu kuusoma. Zaituni alipokuwa darasa la nne alianguka kwenye mpera, jino la mbele likakatika nusu. Tangu hapo, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Kukiwa na furaha, kiganja. Kukiwa na utani, kiganja. Bi Somoe hakukumbuka tena mara ya mwisho aliyoliona lile jino.

Kwa hiyo alitaka picha. Na picha za upande wa wanawake si rahisi kupatikana. Simu haziingii. Mlangoni hukaa mama mmoja na kapu, na kila anayeingia anaitumbukiza simu yake humo, maana ndani wanawake wamejipamba, vichwa wazi, mabega wazi, na hakuna anayetaka kujikuta kesho yake akitazamwa kwenye simu ya kinyozi.

Shamte akaingia na makasha yake. Alikuwa mdogo wake Bi Somoe, mfanyakazi wa duka la kamera kule Kariakoo. Bi Somoe akajaribu kujifanya hajui kitu.

"Karibu mdogo wangu. Kamera ipi kubwa?"

Shamte akamtazama Pili. Pili akatazama maandazi yake.

"Haya, dada, kwa kuwa umeshaota," Shamte akasema, akakaa kwenye mkeka akafungua makasha. "Tajiri yangu kaniachia zote mbili nizijaribu harusini. Moja nainunua mimi, ni zawadi yangu kwa wanawake wa ukoo huu. Nyingine keshokutwa asubuhi narudi nayo. Utakayoichagua itabaki, na utamkabidhi mtu mmoja wa kuishika. Huyo ndiye atakayeitwa kwenye kila harusi, kila arobaini ya mtoto, kila maulidi ya wanawake, kuanzia hapa mpaka Nangurukuru. Ni kazi hiyo, si mchezo."

Kamera kubwa ilikuwa nyeusi, nzito kiasi cha haja, na lenzi zake zilikuwa za kuchomoa na kuchomeka. Ilikuwapo fupi ya kutazama karibu na ndefu ya kutazama mbali.

"Zamani hizi zilikuwa na kioo tumboni," Shamte akaeleza, "ukipiga kinaruka, kwa! Sasa wamekitoa, uzito umepungua, na inaona hata chumba chenye giza. Ukiikuza picha yake unahesabu kope za mtu."

Kamera ndogo haikuzidi kipande cha sabuni ya kuogea. Ukiibonyeza inatoa pua yake kama kobe, ukimaliza inairudisha ndani. Pili alikuwa ameshaishika, na haikuonekana kama ana nia ya kuirudisha.

Akaingia Bi Tunu. Huyu ndiye alikuwa somo wake Zaituni, mama wa makamo, jirani wa ukuta mmoja, mwenye mbuzi mmoja na maneno mengi. Alizigeuza kamera zote mbili juu chini.

"Laini inakaa wapi?"

"Hazina laini, Bi Tunu. Hazipigi simu wala hazitumi kitu," Shamte akasema.

"Basi zitaingia. Mlangoni nitasema mimi."

Kamera kubwa akapewa Arafa, binti wa kaka yao mkubwa, kwa sababu aliwahi kufanya kazi studio Lindi. Arafa alikuwa mtaratibu, mtu wa kufuta mikono kabla ya kushika kitu. Ndogo ikabaki kwa Pili, kwa sababu ilikuwa imeshaingia kwenye kibwebwe chake.

Bi Somoe akawatazama wote wawili, akasema:

"Mimi sitaki picha za magari. Sitaki picha za keki. Nileteeni uso wa mwanangu."

"Tutakuletea, shangazi," akasema Arafa.

"Tutakuletea, mama mdogo," akasema Pili.

"Na mimi nitakuletea pilau," akasema Bi Tunu.

Asubuhi ya harusi nyumba ilijaa mpaka vizingitini. Vigelegele huku, beseni za vitumbua kule, watoto chini ya miguu ya watu. Katikati ya vurugu hiyo Bi Somoe akaikuta kanga yake nyekundu, ile yenye michoro ya korosho nyeusi, iliyombeba Zaituni mgongoni utotoni, pembe moja haipo. Imenyofolewa. Na ilikuwa pembe ile ile aliyoitia viraka kwa uzi wa kijani.

"Tunu," akaita, "mbuzi wako amekula kanga yangu."

"Mbuzi wangu ana adabu. Hali nguo za watu."

"Sasa imeliwa na nani?"

"Kwani wewe umepungukiwa maadui?"

Hapakuwa na nafasi ya kugombana. Biharusi alitolewa chumbani akiwa amefunikwa gubigubi. Alipompita mamaye akausimamisha mguu, kidogo tu, kisha mkono wa Bi Tunu ukamsukuma mgongoni, akapita. Magari yakapiga honi. Vumbi likapanda, likatua. Bi Somoe akabaki na vyombo.

Siku ile ilikataa kwenda. Aliosha sufuria, akafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Akachukua kofia, akajichoma kidole. Akaiweka, akaichukua tena. Alasiri akajiambia, sasa wamemfunua. Sasa wanamtazama. Sasa yuko vipi? Alitamani kukimbia barabarani akapande chochote kiendacho Masoko. Akaketi juu ya kinu, akajishika magoti.

Baada ya magharibi tu magari yakarudi, na nyimbo zikatangulia kabla ya taa. Shamte aliyewafuata kwa pikipiki akataka kuingia ndani.

"Wewe huku huingii," Bi Tunu akamwambia. "Picha zimejaa wanawake wa watu."

"Lakini nyinyi hamjui vitufe."

"Kaa nje na vitufe vyako. Tutakuuliza."

Basi Shamte akaketi kibarazani, mgongo kwa mlango, na ndani wakaketi wanawake wanne chini ya taa: Bi Somoe, Arafa, Pili na Bi Tunu.

Arafa akaanza.

"Shangazi, tulipoingia hakukuonekana kitu. Walikuwa wamechoma udi mpaka chumba kimekuwa kama asubuhi ya masika. Watu wengine walikuwa wanapiga makofi tu bila kujua wanampigia nani. Nikasema chetezo kitoke nje. Wazee wa kule wakanikunjia uso. Kikatoka. Nikafungua dirisha. Nikapita kwa mmoja mmoja, 'Mama, nakupiga, umeridhia?' Aliyeridhia akakaa, asiyeridhia akahama upande. Nikaomba ngoma inyamaze. Nikamngoja Zaituni mpaka pumzi zake zikatulia. Nikapiga. Mimi ndiye niliyepata uso wake bila moshi, bila kelele, bila kumvunjia mtu heshima. Bila mimi usingeuona."

Akaigeuza kamera kubwa.

Bi Somoe akasogeza macho. Ya Rabi, uso ulioje. Wanja umekaa. Nywele moja moja zinaonekana kwenye paji. Mwanga wa dirisha umemlalia shavuni kama mkono wa mtu. Ni picha ya kutundika sebuleni, na wageni wakiingia wakasahau kusalimia.

Lakini midomo ilikuwa imefungwa. Macho yalitazama chini. Zaituni alikuwa amenyamaza, vilevile kama alivyonyamaza siku ya posa.

"Ni mzuri," Bi Somoe akasema, akarudi nyuma kidogo.

Pili alikuwa hawezi tena kukaa. Alikwisha kaa kwa goti moja.

"Mama mdogo, na mimi. Mimi sikufungua dirisha la mtu. Mimi nilicheza ngoma. Kamera iko kwenye kibwebwe, wao wanadhani kopo la poda. Arafa alipomaliza na lile libunduki lake..."

"Bunduki gani?" akauliza Arafa.

"Nyamaza, zamu yako imepita. Alipomaliza, watu wote wakashusha mabega. Ngoma ikaanza tena. Hakuna aliyekuwa anamtazama biharusi, wanatazama pilau. Mimi nikamtazama. Nikachomoa, nikabonyeza, nikarudisha kibwebweni. Hata mwenyewe hajui. Mimi ndiye niliyempata akiwa yeye. Bila mimi usingeuona."

Akaiweka kamera ndogo kwenye kiganja cha Bi Somoe.

Picha ilikuwa imepinda. Kiwiko cha mtu kimeziba robo nzima. Nyuma kulikuwa na mama mmoja kichwa wazi, tonge mdomoni. Udi ulikuwa umesharudishwa, na mwanga wa dirisha umeupiga moshi ukawa mweupe kama mtandio. Lakini katikati ya vurugu hiyo yuko Zaituni, kichwa amekitupa nyuma, mdomo wazi wote, anacheka. Na kiganja hakipo mdomoni. Kiganja kiko begani kwa wifi yake, amemshika kama watu waliokua pamoja. Na jino lile la nusu linaonekana.

Bi Somoe alitoa sauti ambayo si kicheko wala si kilio. Akaisogeza kamera puani. Akaiweka mbali. Akaisogeza tena.

"Jino lake," akasema. "Tunu, jino lake hili hapa."

"Nimeliona."

"Hakuziba."

"Hakuziba, Somoe."

Pili akapiga makofi. "Basi imekwisha. Mjomba, funga kubwa kwenye kasha."

"Haijakwisha," Arafa akasema, naye si mtu wa kupaza sauti, lakini hapo aliipaza. "Shangazi, mtazame mama huyu mwenye tonge. Unajua ni nani? Ni mama mkwe wake Zaituni. Kichwa wazi. Aliulizwa? Hakuulizwa. Akijua kesho, Zaituni ndiye anayelala nyumba ile, si Pili. Sisi tuliingia na kamera kwa sababu Bi Tunu aliwapa neno lake mlangoni kwamba hapigwi mtu asiyeridhia. Pili ameiba."

"Nimeiba kicheko. Wewe umeua ngoma. Wali umepoa kwa ajili yako. Yule bibi kizee wa kule alipoliona lile lilenzi refu alijificha nyuma ya pazia, akasema mnataka kumpasua."

"Nilimwomba radhi."

"Akiwa nyuma ya pazia."

Bi Tunu alikuwa anakula kashata taratibu. Akajipangusa vidole.

"Mmemaliza? Sasa niulizeni mimi. Huyu mtoto kachekeshwa na kamera? Kamera inajua utani? Mimi ndiye niliyeinama sikioni mwake nikamwambia jambo. Wifi yake akasikia nusu, nikamrudia yote, ndipo wakaangua kicheko. Na huyu bibie na dirisha lake, alitaka mikono ya mwali ifunikwe kwa mtandio picha ikae vizuri. Mimi nikasema mikono itoke nje, hina tumeichora siku nzima. Mimi sikushika kamera yoyote, lakini picha zote mbili ni zangu. Bila mimi usingeuona."

"Ulimwambia jambo gani?" akauliza Bi Somoe.

"La kawaida."

"Tunu."

"Nilimwambia siku ya harusi yako ulivyokalia sinia la wali ukidhani ni kiti."

"Mbele za wakwe zangu?"

"Si umetaka jino? Jino lina gharama."

Kibarazani Shamte akasikika akikohoa kikohozi cha mtu anayecheka.

"Na unataka nini kwa hayo?" Pili akamwuliza Bi Tunu.

"Kamera. Yoyote. Mimi naingia vyumba ambavyo nyinyi hamjavikaribia. Mwali analia kwangu, anacheka kwangu. Mtampata wapi mtu kama huyo?"

"Kwanza sindano huoni kuitia uzi," Arafa akamwambia, kwa heshima.

"Sindano sioni, binadamu ninamwona. Kubonyeza nitajifunza. Kwani nyinyi mlizaliwa mkibonyeza?"

Wote wakacheka, hata Arafa. Bi Somoe naye akacheka, mwepesi kama mtu aliyeshusha mtungi kichwani. Jibu lake alikuwa amelipata. Mwanawe ana furaha. Kamera ndogo itabaki, mambo yameisha, watu wakalale.

Hapo ndipo Shamte akaita kutoka nje, mgongo bado kwa mlango:

"Arafa, umemwonyesha dada kuikuza? Kitufe chenye alama ya jumlisha. Atazame hina."

Arafa akabonyeza. Uso wa Zaituni ukasogea. Akabonyeza tena, akateremsha picha chini taratibu, kutoka kidevuni, kifuani, mpaka mapajani, penye mikono. Hina ikaonekana, jani kwa jani. Mkono wa kulia umelala wazi juu ya goti. Mkono wa kushoto umekunjwa ngumi.

"Ngumi ya nini?" akauliza Bi Somoe. "Mwali anakunja ngumi?"

Arafa akabonyeza tena.

Katikati ya vidole, pale penye hina nyeusi zaidi, kilichungulia kipande cha nguo. Kitambaa chekundu. Na kwenye kile chekundu, nusu ya korosho nyeusi. Na kwenye ukingo wa korosho, mishono. Bi Somoe amedarizi kofia tangu usichana, hakuna mshono wake asioujua. Ulikuwa uzi wa kijani.

Kibarazani Shamte akageuza shingo nusu, akakumbuka, akairudisha.

Bi Somoe akainuka, akaichukua kanga yake kutoka kwenye kamba, akaishika pale ilipokatika. Akakaa tena. Picha ilikuwa bado inaonekana kwenye kamera.

"Mwanangu amekwenda na mimi," akasema.

Kisha akasema, "Tunu, nisamehe kwa mbuzi."

"Nitamwambia."

Sasa mambo yakawa mapya. Pili akatazama kamera yake ndogo, akaona kicheko kile bado kizuri, lakini ngumi haimo, imezibwa na kiwiko cha mtu, na hata isingezibwa isingeonekana, kwa kuwa picha ilikuwa imetikisika. Arafa akatazama kamera yake kubwa, akaona ngumi imo, lakini alijua moyoni kwamba yeye mwenyewe hakuiona alipopiga. Kamera ndiyo iliyoona. Na Bi Tunu, ambaye aliitoa mikono nje kwa ajili ya hina tu, alitazama pembeni. Somo alikuwa ameijua ile ngumi? Alikuwa hajaijua? Akachukua kashata nyingine.

"Shangazi," Arafa akasema, "kubwa ndiyo iliyokuletea kile ambacho jicho la mtu halikukiona."

"Mama mdogo," Pili akasema, "ndogo ndiyo iliyokuletea kile ambacho yeye mwenyewe hukificha."

"Somoe," Bi Tunu akasema, pole pole, "mimi ndiye niliyekuwepo."

Bi Somoe akazizima kamera zote mbili. "Kadi za picha ni zangu?"

"Zote zako, dada," Shamte akajibu. "Kinachorudi ni kamera tu. Wa kuzisafisha picha tutamtafuta, mwanamke."

"Basi nendeni mkalale."

Hakulala yeye. Alifikiri juu ya yule bibi kizee nyuma ya pazia, aliyeogopa lenzi ndefu. Alifikiri juu ya mama mkwe na tonge lake, ambaye hakuulizwa. Alifikiri juu ya mtoto atakayezaliwa na Zaituni, Mungu akipenda, na uso wake mdogo siku ya arobaini, utahitaji utulivu au utahitaji haraka? Alimfikiria Arafa, aliyeondoka studio bila chochote ila ujuzi. Alimfikiria Pili, aliyebeba beseni kichwani tangu alipomaliza darasa la saba, na leo ameshika kitu kidogo mkononi na mwili mzima umenyooka. Akamfikiria Tunu. Kila alipomaliza kufikiri, furaha ilimpanda upya kama maziwa jikoni, akaketi kitandani akatabasamu peke yake. Mwanangu anacheka kule, na bado ananishika. Kumbe yote mawili yanaingia katika mtu mmoja.

Asubuhi, baada ya sala, Bi Somoe alifanya hivi.

Alichukua mkasi wake wa kofia, akaikata ile kanga nyekundu pembe ya pili. Akampa Bi Tunu, kwa kuwa somo ndiye anayeruhusiwa kwenda Masoko kila asubuhi ya fungate. "Mpelekee. Mwambie asikunje ngumi, nimempa nyingine." Bi Tunu akaitia kifuani bila mzaha wowote.

Kisha akaingia ndani peke yake. Alipotoka alikuwa na kasha moja, amelifunga kwa uzi wa kofia, mafundo juu ya mafundo, na karatasi ameizungushia nje isionekane ni lipi. Akampa Shamte. Shamte akalipima uzito kiganjani, akajua, akacheka, akafunga mdomo. Basi likaja, akapanda.

Wakabaki watatu kibarazani, wamekaa mstari mmoja kwenye mkeka. Arafa mikono ameiosha. Pili beseni la maandazi amelisahau juani. Bi Tunu bado hajaondoka, anasema gari la Masoko litamsubiri. Bi Somoe akaketi mbele yao. Kwenye mapaja yake ilikuwapo ile kanga iliyobaki na pembe mbili, na ndani yake ameviringisha kamera iliyobaki pamoja na kofia zake ambazo hazijaisha, hata umbo lisijulikane.

Akawatazama mmoja mmoja. Akaingiza mkono ndani ya kanga, akaishika kamera, akaanza kuunyoosha.

Nyinyi mliosikia yote, na mna mabinti, na mna mama zenu: ni kamera ipi iliyokuwa ndani ya ile kanga? Na mkono ule, Arafa aliyengoja, au Pili aliyeiba, au Bi Tunu aliyekuwepo, je, ulistahili kumfikia nani?